Yule binti hakuhitaji insulini, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Kwa miaka mingi nimeusoma ukurasa huu wa barua kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukutani: nanyamaza, natabasamu, kisha namwambia mume wangu nani kashinda leo. Safari hii imenibidi nitoke nje niingilie, maana wanaogombaniwa ni watu wa aina yangu.

Wiki mbili zilizopita mlichapisha sehemu ya tisa ya riwaya yenu ya Jumamosi, ile ya binti mkalimani mwenye kisukari na kijana fundi saa. Wiki iliyopita mkachapisha barua ya msomaji anayetaka riwaya hiyo isimamishwe, kwa hoja kwamba ugonjwa si jambo la mzaha, na kwamba mapenzi, vichekesho na hospitali havipikwi chungu kimoja. Alieleza kwamba alimzika kaka yake kwa maradhi ya figo yaliyotokana na kisukari. Nampa pole ya dhati. Sitamjibu kama mtu asiyejua anachokisema, kwa sababu anakijua.

Ila wagonjwa anaowatetea ni sisi, na hakuna aliyetuuliza. Mimi nina kisukari aina ya kwanza, kile ambacho kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ukabaki huna njia ila kujidunga. Kilinianza nikiwa na miaka 19. Sasa nina miaka 58. Nikihesabu sindano tatu tu kwa siku, nimekwisha kujichoma zaidi ya mara 42,000. Kwa idadi hiyo nadhani ninayo haki ya kuchagua kinachonichekesha.

Na nilichotaka kusema ni hiki: sehemu nane za kwanza, zile zilizomuudhi msomaji mwenzangu kwa utani wake, hazina kosa. Kosa limo katika sehemu ya tisa, ambamo hamna utani hata mmoja. Mwandishi wenu alipokuwa akichekesha alisema kweli tupu. Alipoamua kututoa machozi ndipo alipoteleza, tena akateleza mahali pa kuua mtu.

Kwa asiyefuatilia riwaya, mambo yalikuwa hivi. Binti amemwalika fundi saa kwake kwa mara ya kwanza. Kutwa nzima amekuwa mbioni, hajatia kitu mdomoni, na asubuhi alikwisha kujidunga kama kawaida. Kijana anapobisha hodi, binti anafungua mlango huku jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, maneno yanamtoka ovyo kama mlevi. Anamwita kijana kwa jina la mwalimu wake wa hesabu. Kisha anaanguka. Mpaka hapo nilimpigia mwandishi makofi peke yangu sebuleni, maana sukari inaposhuka huwa hivyo hivyo, hata jina la mwalimu wa hesabu naliamini. Halafu kijana anapiga magoti, anakumbuka ile kalamu ya insulini iliyo mkobani (sindano yenye umbo la kalamu, ambayo huzungushwa kuchagua dozi), anaizungusha mpaka mwisho na kumchoma binti pajani. Binti anafumbua macho. Wanabusiana. Mstari wa mwisho mkaandika: Itaendelea.

Mhariri, kwa dozi ile hakuna kinachoendelea.

Kazi ya insulini ni kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli. Binti ameanguka kwa sababu sukari katika damu yake imekwisha kushuka mno. Kumdunga insulini ni kumkuta mtu anazama ukamwongezea maji. Na kuizungusha kalamu mpaka mwisho! Kalamu nyingi huishia yuniti 60 au 80. Mimi mlo wa kawaida hunitosha yuniti 6. Nilimsomea mume wangu kipande kile kwa sauti, naye ni mtu mpole asiyegombana na karatasi, lakini alisimama na kusema, "Mwambieni aiweke chini!" Alikuwa anazungumza na gazeti.

Nahofia kwamba kuna mahali, katika nyumba ya msomaji wenu, yuko mtu mwenye kalamu kama ile, na yuko anayempenda. Siku sukari ikishuka, mpenzi huyo atakumbuka alichokisoma Jumamosi. Yale ya vipeperushi vya hospitali watu huyasahau kabla ya kufika mlangoni. Busu halisahauliki. Ndiyo sababu riwaya ya mapenzi inapogusa ugonjwa inabeba mzigo ambao kipeperushi hakiubebi, na sijui kama mwandishi wenu alilijua hilo alipokuwa akimalizia ukurasa wake.

Basi niseme la kweli, mara moja, halafu nirudi kwenye mapenzi. Sukari ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita (vipimo vingine husoma 3.9) tunahesabu kwamba imeshuka. Ikiwa chini ya 54, yaani 3.0, hapo ni hatari, ubongo unakosa chakula chake na mtu huanza kuzungumza na mwalimu wa hesabu. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: nusu glasi ya sharubati, au vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, mpime tena, na kama haijapanda, rudia. Akiwa amezimia, usimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, piga simu ya dharura, na kama nyumba ina glukagoni, mpe hiyo. Glukagoni ni kinyume cha insulini: inaliambia ini liachie sukari lililoiweka akiba. Iko ya sindano, na tangu 2019 iko pia ya kupuliza puani. Insulini kamwe.

Tena anayezinduliwa kwa glukagoni mara nyingi huamka na kichefuchefu. Kwa hiyo hata lile busu, Mhariri, lingesubiri.

Sasa turudi kwenye zile sehemu nane.

Msomaji mwenzangu alikerwa zaidi na sehemu ya nne. Wapenzi wako kwenye ukumbi wa maonyesho, taa zimezimwa, kijana ndiyo kwanza amepata ujasiri wa kuushika mkono wa binti, mara kitu kinaanza kulia ndani ya nguo za binti. Kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Kijana anaamini ni simu ya mwanamume mwingine, na kwamba binti ni mjanja kiasi cha kuificha kifuani. Binti anajua ni kifaa cha kusoma sukari kinachomwonya, lakini hajamwambia kijana kwamba anaumwa, na hataki kumwambia gizani mbele ya watu mia mbili. Basi anasema ni saa. Anamwambia fundi saa kwamba ni saa! Naye, kwa heshima ya kazi yake, anaomba aitazame.

Nilicheka mpaka mume wangu akaja mbio kutoka chumbani ameshika glasi ya sharubati. Kwetu sisi kicheko cha ghafla kisicho na mwisho kinaweza kuwa dalili. Ilibidi nijipime mbele yake ndipo akaamini kwamba nimefurahi tu.

Sasa nauliza: katika kisa kile, ni nani anayechekwa? Mgonjwa? Mgonjwa ndiye pekee ukumbini anayejua kinachoendelea. Tunamcheka mzima wa afya, aliye fundi wa vitu vinavyolia na bado hajui hiki kinalilia nini. Na chini ya kicheko kuna jambo ambalo kila mwenye ugonjwa wa kudumu analijua kama anavyoujua mlango wake: lini nimwambie? Ukisema siku ya kwanza, umejitangaza kama dawa. Ukisema baada ya mwaka, umekuwa mwongo. Nimewahi kusoma makala nzito nzito kuhusu swali hilo, na hakuna iliyonikumbusha jinsi mkono unavyopata baridi ndani ya mkono wa mtu usiyemwambia. Kisa cha saa kilinikumbusha, na huku nacheka.

Na yule shangazi wa kijana! Amekuta sindano na kalamu kwenye mkoba wa binti (alikuwa akitafuta kitana, anasema) na sasa ana hakika mpwa wake ameangukia mikononi mwa mtumia dawa za kulevya. Msomaji mwenzangu anasema hilo linatudhalilisha. Mimi niliwahi kufukuzwa kwenye choo cha maktaba na mlinzi aliyeona sindano, na maktaba hiyo ndiyo niliyokuwa nafanya kazi. Nilipolisoma la shangazi nilihisi kama hatimaye kuna mtu amekiri kwamba jambo lile lilitokea.

Utani unaotudhalilisha upo, sikatai, na ninaujua harufu. Ni ule wa mtu aliyeshika keki, anayesema hadharani kwamba kipande kile kitampa kisukari, na wote wanacheka. Aina yangu haiji kwa kula vitamu. Sikukiita kwa pipi. Utani ule umetungwa na mtu asiye nacho kwa ajili ya watu wasio nacho, na sisi tumekaa katikati yao tunatabasamu kwa adabu. Kama riwaya yenu ingekuwa ya aina hiyo, barua hii ingekuwa fupi sana.

Mkiniruhusu niseme ya kwangu kidogo, kwa sababu naona msomaji mwenzangu anadhani vichekesho huletwa kwenye ugonjwa kutoka nje, kama maua ya plastiki kwenye wodi. Kwangu vilikuwa vimelala humo humo wodini.

Kabla sijajulikana kuwa naumwa, nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu aliyenipenda, mwembamba, mwenye miwani, aliyeandika mashairi nyuma ya madaftari ya kemia. Aliniandikia ubeti akisifu pumzi zangu, kwamba zinanukia kama matunda yaliyoiva. Niliuficha chini ya mto. Siku mbili baadaye nililazwa nikiwa nusu mfu. Harufu ile ilikuwa asetoni, jamaa wa ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha: mwili usipokuwa na insulini huunguza mafuta, damu ikajaa tindikali, na pumzi zikanukia matunda. Daktari aliniuliza kama kuna mtu aliyegundua dalili yoyote. Nikasema ndiyo, yupo mshairi. Kitabibu alikuwa sahihi kuliko wote waliokuwa wamenitazama wiki ile, na mpaka leo sijapata kusifiwa kwa usahihi namna hiyo.

Nikaanza insulini, na baada ya wiki kadhaa ikawa nahitaji kidogo sana, kana kwamba kongosho limejutia. Nikadhani nimepona. Daktari, mzee mmoja asiyejua kutania, akamweleza mama yangu kwa uso wa msiba: "Binti yako yuko kwenye fungate."

Mama akauliza, "Na nani?"

Ndivyo madaktari wanavyokiita kipindi kile, fungate, ambapo seli chache zilizobaki hupata nafuu na kufanya kazi kwa muda, wiki au miezi, kisha nazo huishiwa. Daktari alichukua robo saa kumwelewesha mama kwamba hakuna bwana harusi. Mama alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani naye hakujua. Fungate yangu ilidumu miezi mitano. Ikaisha bila kuaga. Siku niliyotambua kwamba imeisha, kwamba sindano hizi ni za maisha, niliufungua ule ubeti wa matunda nikausoma tena, na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nilazwe. Kichekesho ndicho kilichoniliza. Nyaraka za hospitali zilikuwa zimeshindwa.

Mume wangu naye (si mshairi; mshairi alikwenda zake kusomea kemia) aliniposa nikiwa na sukari 48. Sikujua kama ni 48, yeye hakujua kuna kitu kinachoitwa 48. Alikuwa amejiandaa, shati limenyooshwa, hotuba imekaririwa. Mimi sukari ikishuka huwa mgomvi. Nilimwambia hotuba ni ndefu, shati ni baya, na jibu ni hapana, tena nikaongeza mambo kuhusu dada yake ambayo hadi leo hayarudiwi nyumbani kwetu. Kisha nikaanza kutetemeka. Akafungua zawadi aliyoniletea, chokoleti, akanilisha. Moyo mwema, tiba mbovu: mafuta ya chokoleti huichelewesha sukari kuingia kwenye damu, nasi tulikaa pale tunasubiri huku mimi naendelea kumtukana. Mwishowe nikamwonyesha kwa kidole lilipo jagi la sharubati. Dakika kumi na tano baadaye nilijipima, 96. Nikamtazama nikamuuliza, "Ulikuwa unasema nini?" Akairudia hotuba yote tangu mwanzo, bila kuruka neno. Kwa hiyo usiku ule niliposwa mara mbili: nikakataa kwa 48, nikakubali kwa 96, na kila tukigombana huniuliza kwanza namba yangu ni ngapi kabla hajajibu. (Huwa inaniudhi sana. Mara nyingine namba ni 110 na mimi nina hoja.)

Hayo ndiyo ninayoyataka kwenye riwaya. Siku iliyofuata posa mume wangu aliweka sharubati kwenye gari, kwenye droo ya ofisini kwake na chini ya kitanda, wala hakunitangazia. Niliyakuta mwenyewe, moja baada ya jingine. Mwandishi wenu amehangaika kututafutia tukio kubwa la mapenzi sakafuni, na sindano, na machozi, wakati tukio lenyewe ni mwanamume mzima kunakili kwenye karatasi tarehe ya mwisho wa matumizi ya chupa ya sharubati.

Nilifanya kazi ya ukutubi miaka 30, na nimewapa watu vitabu vingi vya wapenzi wanaougua. Wengi wa wagonjwa wale hufa vizuri mno. Hukohoa mara moja sura ya tatu, huwa weupe na wazuri zaidi sura ya kumi, kisha humwachia mpenzi barua yenye hekima. Wengine hupona kwa sababu wamependwa. Nikiwa kijana nilivichukia vyote viwili sawasawa, kwa sababu mimi sikuwa nakufa wala sikuwa napona. Nilikuwa natafuta kazi. Riwaya yenu ilikuwa ya kwanza kwa muda mrefu ambamo mgonjwa anachelewa basi, ana deni, ana wivu, na sindano ni jambo analolifanya kabla ya kula kama wengine wanavyonawa mikono.

Kuhusu kwamba watu wazito hawachanganyi maradhi na kicheko, msomaji mwenzangu amtazame Molière, Mfaransa wa karne ya 17. Mchezo wake wa mwisho ni wa vichekesho, unamhusu mtu mwenye afya tele anayejidhania mgonjwa, na mwenyewe ndiye aliyeigiza nafasi hiyo huku kifua kikimla kwelikweli. Tarehe 17 Februari 1673, katika onyesho la nne, alishikwa na mtukutiko jukwaani. Inasimuliwa kwamba aliufunika kwa kicheko cha kulazimisha. Akamaliza mchezo, akapelekwa nyumbani, akafa usiku ule ule. Mtu yule hakuwa akiudharau ugonjwa.

Wala mimi siudharau. Naijua historia ya kichupa kilicho kwenye jokofu langu. Januari 1922, huko Toronto, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Kabla ya hapo, tiba ya watoto wa aina yangu ilikuwa kuwanyima chakula ili waongeze miezi. Dozi ya kwanza haikuwa safi, ikamletea madhara bila faida kubwa. Siku 12 baadaye akapewa nyingine, iliyosafishwa vizuri zaidi na James Collip, na ikafanya kazi. Aliishi miaka 13 zaidi. Huwa najiuliza kama katika miaka ile 13 kuna msichana aliyewahi kumkataa kwa shati lake. Natumaini yupo.

Basi maombi yangu. Msiisimamishe riwaya. Chapisheni, ukurasa ule ule na kwa herufi zinazosomeka, kwamba aliyeanguka kwa sukari kushuka hadungwi insulini. Msilifiche kwenye kona ya matangazo ya vifo. Na mwandishi asimuue binti katika sehemu ya mwisho, wala asimponye. Kupendwa hakutengenezi insulini, nimejaribu.

Najua mwandishi atasema sehemu ya tisa imekwisha kuchapishwa, sindano imekwisha kuingia, atamtoaje binti pale? Nimelifikiria usiku mbili, na naomba anikubalie mkutubi mstaafu. Sehemu ya kumi ianze kijana akiwa kwenye karakana yake ya saa, anawasimulia rafiki zake jinsi alivyomwokoa binti kwa sindano moja, pajani, na busu. Tugundue kwamba tulichokisoma Jumamosi ile kilikuwa masimulizi yake, maana wanaume wa riwayani husimulia hivyo. Kisha mlangoni aingie shangazi na aeleze ilivyokuwa. Alikuwa amemfuata mpwa wake kisirisiri kuja kumfumania mtumia dawa. Alipoingia akakuta binti sakafuni na kijana ameishika kalamu, akaona ndiyo ile sindano yake anayoichukia, akamrukia, akampokonya na kuitupa dirishani. Hajui insulini ni nini. Ameokoa maisha ya mtu kwa sababu ya umbea. Halafu, kwa kuwa amelea watoto sita, akamlaza binti ubavu, akapiga simu, na alipoambiwa kwenye simu atazame kama kuna glukagoni, akaikuta kwenye droo aliyokwisha kuipekua wiki iliyopita.

Binti atazinduka na kichefuchefu, mbele ya shangazi, bila busu lolote. Wawili hao watalazimika kuzungumza.

Mume wangu anauliza kama kijana ataitengeneza ile saa isiyokuwa saa. Nimemwambia asubiri Jumamosi. Kwa sasa binti bado yuko sakafuni na kalamu bado iko mkononi mwa yule kijana.

Ni mimi,
Msomaji wenu wa kila Jumamosi
(Jina langu mnalo ofisini, msilichapishe, dada yake mume wangu naye hulisoma gazeti hili.)